Vinasaba vya nani? Kifua kikuu, hadubini na herufi 81

Julai moja, miaka michache iliyopita, shemeji yangu alinipigia simu kutoka Nyeri kabla jua halijapenya ukungu. Kijana wake alikuwa amekohoa kwa wiki tano. Mimi humwita mtoto wangu, kwa kuwa babake, marehemu, alikuwa mdogo wangu wa kufuatana. Hospitalini walimpa kikopo akatema makohozi, kisha wakamwambia kwamba yanapelekwa kwenye mashine ya DNA, arudi kesho yake kuchukua majibu.

"Mwalimu," shemeji akasema, "hebu nielezee. Mtoto anakohoa, sasa hawa wanataka DNA ya nini? Kwani kuna mtu ameenda huko kusema si wa marehemu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Na kwa nini acheke? Magazeti yetu, hili likiwamo, yamemfundisha msomaji wa Kenya kwamba DNA ni mambo ya mahakamani: kesi za matunzo ya watoto, na mjane wa pili anayejitokeza siku ya mazishi akidai kipande cha shamba. Nilipomhakikishia kwamba hakuna aliyetilia shaka uzazi wa mtoto, akanyamaza kidogo, halafu akatoa lililokuwa likimkera hasa. "Basi ni kuangalia kama amerithi ile ya babake. Sasa hawa wasichana wangu wataolewa na nani?"

Sikuwa na jibu la haraka, maana kosa halikuwa lake. Sisi watu wa lugha tulikuwa tumetangulia kumpotosha. Neno tunalolitumia kwa fahari kutafsiri DNA ni vinasaba. Mzizi wake ni nasaba, yaani ukoo, uzao, mlolongo wa mababu. Tumelitwaa tukalipachika kiambishi cha ngeli ya KI-VI, likawa kana kwamba ni vijivitu vidogo vinavyobeba ukoo. Kwa binadamu linafaa sana. Lakini mwambie mama wa Nyeri kwamba makohozi ya mwanawe yamepimwa vinasaba, naye atasikia, kwa haki kabisa, kwamba ukoo wake umepimwa.

Isitoshe, kwetu huko mlimani hofu hiyo ina mizizi mirefu. Nilipokuwa mdogo, kabla ya wazee kupeleka pombe ya posa, mmoja wao alitumwa kimyakimya kuuliza habari za ile nyumba: kuna wendawazimu? Kuna kifafa? Kuna kikohozi? Kikohozi kilihesabiwa kuwa cha ukoo kwa sababu kilionekana kufuata ukoo. Baba alikufa nacho, mwana akakipata, mjukuu akakipata. Kwamba wote watatu walilala katika nyumba moja isiyo na dirisha, moto ukiwaka katikati na mlango umefungwa kwa baridi, hakuna aliyelitia maanani.

Nyumba yetu ilikuwa mojawapo ya nyumba hizo. Babangu aliugua mwaka 1969, nikiwa shule ya msingi. Nakumbuka aliporudi kutoka hospitali ya misheni akatuambia, "Wameona wadudu wangu." Wangu! Alizungumza kama mtu aliyehesabiwa mbuzi. Na baada ya miezi mingi ya dawa alirudi na habari nyingine: "Wadudu wangu wameisha."

Alichofanyiwa kilikuwa kipimo kilichozaliwa karibu karne moja kabla. Tarehe 24 Machi 1882, jijini Berlin, daktari Robert Koch aliwatangazia wenzake kwamba amemwona kiumbe anayesababisha kifua kikuu. Ndiyo maana dunia huadhimisha siku ya ugonjwa huu kila tarehe 24 Machi. Bakteria huyo amevikwa koti la nta ambalo halikubali rangi kwa urahisi. Muda mfupi baadaye Wajerumani wengine wawili, Franz Ziehl na Friedrich Neelsen, walituachia mbinu inayobeba majina yao. Makohozi hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi nyekundu na kupashwa moto, kisha huoshwa kwa asidi. Kila kitu hupoteza ule wekundu isipokuwa bakteria huyu mkaidi. Ukimalizia kwa rangi ya samawati, unamwona chini ya hadubini: vijiti vyembamba vyekundu katika uwanja wa buluu.

Mbinu hiyo ilikuwa rahisi kiasi kwamba hospitali yoyote ya mlimani iliweza kuifanya, toka Karatina hadi Nanyuki, mradi kuwe na hadubini na mtu mwenye macho na subira. Ila ina kasoro mbili kubwa. Kwanza, yahitaji bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ya makohozi ndipo mtaalamu awaone. Mgonjwa mwenye wachache huambiwa hana kitu. Pili, inajibu swali moja tu: je, yupo? Haijibu swali la pili, ambalo mara nyingine ndilo la kufa na kupona: je, dawa gani itamuua?

Swali hili la pili si geni. Streptomisini, dawa ya kwanza iliyoweza kumuua bakteria huyu, ilifanyiwa jaribio mashuhuri huko Uingereza ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 1948. Wagonjwa walipata nafuu ya ajabu. Halafu baadhi yao wakarudi nyuma, bakteria wao wakiwa hawaitambui tena dawa yenyewe. Toka hapo madaktari wakajifunza kuchanganya dawa mbili au tatu kwa pamoja. Babangu alidungwa streptomisini kila siku kwa wiki kadhaa, kisha akameza isoniazidi na thiasetazoni hadi alipotimiza mwaka mmoja na nusu. Alipona, nadhani zaidi kwa ukaidi kuliko kwa jambo lingine.

Wasomaji wachache wanajua kwamba muda huo mrefu wa matibabu ulifupishwa hapa kwetu. Mwaka 1972 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa na mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza, likiwashirikisha wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Lilionyesha kwamba miezi sita inatosha iwapo miongoni mwa dawa hizo itakuwamo rifampisini. Dawa hiyo ina asili ya kuchekesha kidogo. Watafiti wa Milan waliipata familia yake katika udongo wa kusini mwa Ufaransa mwaka 1957, wakaibatiza kwa jina la filamu ya majambazi iliyokuwa ikivuma siku hizo, *Rififi*. Kila ninapomsikia muuguzi akiitaja rifampisini kwa unyenyekevu kama neno la Kilatini, hutabasamu.

Sasa nifike kwa mdogo wangu, ambako sitabasamu.

Alianza kukohoa mwaka 2002. Alikuwa na duka katika mji mmoja mdogo wa huko mlimani, na kama wafanyabiashara wengi alikwenda kwenye kliniki iliyokuwa karibu na duka, si iliyokuwa bora. Joto la mwili lilikuwa likimpanda jioni, jasho likimtoka usiku. Walimtoa damu, wakampima, wakamwambia ana taifodi. Akatibiwa taifodi. Baada ya miezi miwili akapimwa tena, akaambiwa taifodi imerudi.

Hapa yafaa nikiseme hiki kipimo, kwa sababu bado kinatumika, na nusu ya wakazi wa miji yetu wamewahi kuambiwa wana taifodi. Kinaitwa Widal, kwa jina la Mfaransa Georges-Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria. Hutafuta askari ambao mwili wako uliwahi kuwatoa kupigana na bakteria huyo au ndugu zake. Ukiwa uliwahi kuugua miaka iliyopita, au ukiwa umekutana na jamaa zake wasio na madhara makubwa, askari hao bado wanazurura, na kipimo huweza kushtuka. Ni kama kuingia Nyeri, ukawaona wazee waliopigana vitani, ukahitimisha kwamba vita vinaendelea. Nao wanaodhani kwamba kipimo cha jeni kingetatua hili mara moja wangoje kidogo: bakteria wa taifodi huwa wachache mno katika damu, na kuwapata kwa njia hiyo ni kazi ngumu hata leo.

Basi, mdogo wangu alipofika hospitali kubwa, makohozi yake yalitazamwa mara tatu. Mara ya tatu ndipo vijiti vyekundu vilipoonekana. Alianza dawa, za miezi minane siku hizo, akanenepa, akafungua duka. Mwaka uliofuata kikohozi kikarudi. Alianzishiwa dawa tena, pamoja na sindano. Safari hii hakunenepa.

Naye alikuwa na maelezo yake. "Mwili wangu umeshazoea hizi dawa," aliniambia tukiwa tumeketi nje ya duka. "Umekuwa sugu." Akaamua kuupumzisha. Aliacha vidonge kwa wiki mbili ili mwili usahau, halafu avianze upya kwa nguvu. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika lugha ya Kiswahili, nilimsikiliza na sikumsahihisha, kwa sababu maelezo yake yalisikika kuwa na mantiki. Sugu ni nini? Ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mtu anayelima kwa jembe kila siku. Inatokana na mazoea. Ukiacha kulima, inalainika. Neno lenyewe lilimwambia aache kulima.

Kumbe usugu wa dawa hauko hivyo hata kidogo. Kwanza, mwenye usugu si mgonjwa, ni bakteria. Pili, hakuna bakteria anayezoea. Katika mamilioni wanaozaana pafuni, mmoja huzaliwa na kosa dogo katika maandishi yake ya urithi, na kosa hilo kwa bahati humfanya asidhuriwe na dawa. Wenzake wakifa, yeye hubaki na shamba zima. Mapumziko hayamlainishi.

Hospitali ilituma makohozi Nairobi yakaoteshwe. Hiyo ndiyo njia ya kale ya kujibu swali la pili: unawalisha bakteria katika chupa ya ute wa kijani uliopikwa kwa mayai ya kuku, na katika chupa nyingine unawalisha ute uleule uliotiwa dawa, kisha unangoja uone ni nani ataota. Bakteria huyu ni mvivu wa kuzaana, kwa hiyo kungoja kwenyewe huchukua hadi wiki nane. Ongeza safari na foleni. Karatasi ya majibu ilifika wiki tatu baada ya maziko, mwaka 2004. Ilisema: sugu kwa rifampisini na isoniazidi. Ninayo hadi leo.

Kilichobadilika tangu karatasi ile ni kwamba tumeacha kumngoja bakteria aote. Tunamsoma.

Chanzo cha uwezo huo ni watu ambao hawakuwa wakifikiria kifua kikuu kabisa. Katika miaka ya 1960 Thomas Brock alikuwa akichunguza viumbe wanaoishi katika chemchemi za majimoto za Yellowstone, Marekani, na mwaka 1969 yeye na Hudson Freeze wakamweleza bakteria aliyestahimili joto ambalo lingempika kiumbe wa kawaida. Mwaka 1983 mkemia Kary Mullis alibuni namna ya kunakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi kwa kukipasha moto na kukipoza kwa zamu. Kila zamu nakala huongezeka maradufu. Zamu 30 tu, na nakala moja imekuwa zaidi ya bilioni moja. Kikwazo kilikuwa kwamba kimeng'enya kinachonakili kilikufa kwa joto kila zamu, mpaka walipoazima kile cha bakteria wa majimoto. Mullis alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Likabaki suala la kujua ni wapi pa kusoma. DNA ya bakteria wa kifua kikuu ni andiko la herufi 4,411,529, kama lilivyochapishwa lote mwaka 1998, nalo lina herufi za aina nne tu: A, C, G na T. Lakini miaka kadhaa kabla ya hapo watafiti walikuwa wamekwisha kugundua jambo la kustaajabisha. Takriban asilimia 95 ya bakteria wanaoshinda rifampisini wana kosa katika sehemu moja fupi ya jeni iitwayo rpoB. Sehemu hiyo ina herufi 81.

Wanafunzi wangu wa fonolojia wanajua jozi mlinganuo finyu: maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu, na sauti hiyo ikabadilisha maana nzima. Tibu na tubu. Kosa la kawaida kabisa katika zile herufi 81 ni la namna hiyohiyo. Panapopaswa kusomeka TCG panasomeka TTG. C moja imegeuka T. Kwa herufi hiyo, rifampisini inakosa pa kushika, na mgonjwa anayepaswa kutibiwa anabaki kutubu.

Mashine iliyosoma makohozi ya kijana wetu, GeneXpert, inafanya kazi hiyo ndani ya katriji ya plastiki inayotosha kiganjani. Teknolojia yake ilikwisha kutumika katika vituo vya posta Marekani kunusa kimeta, baada ya barua zenye sumu hiyo kutumwa mwaka 2001. Makohozi huchanganywa na dawa, hungojewa dakika 15, humiminwa ndani, na mashine huyanakili yale maandishi huku vipande vitano vyenye rangi tofauti vikijaribu kujibandika juu ya zile herufi 81. Kila kipande hung'aa kikipata maandishi yanayolingana nacho sawasawa. Vyote vitano vikiwaka, bakteria yupo na dawa itamuua. Kimoja kikikataa kuwaka, kuna herufi imebadilika. Majibu ya maswali yote mawili hutoka kwa muda usiozidi saa mbili. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Desemba 2010, na Kenya ikaanza kuitumia mwaka uliofuata.

Sisemi kwamba ni muujiza. Yataka umeme usiokatika, na katriji zinanunuliwa kwa dola. Mwaka 2012 bei yake kwa nchi kama yetu ilishushwa hadi dola 9.98 kila moja, na mwaka 2023 hadi 7.97. Fauka ya hayo, mashine inasoma maandishi bila kujua kama mwandishi yu hai. Maiti ya bakteria ina herufi zilezile, kwa hiyo mtu aliyekwisha kupona anaweza kusomeka kama mgonjwa. Ndiyo maana hadubini ya Ziehl na Neelsen haijatupwa, bali hutumika kumfuatilia aliye kwenye dawa. Tena mashine haina faida kwa asiyefika mbele yake. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 na 2016 uliwakuta wagonjwa 558 katika kila watu wazima 100,000, na ukaonyesha kwamba takriban asilimia 40 ya wagonjwa nchini hawakuwa wakigunduliwa.

Majibu ya kijana wetu yalitoka kesho yake, kama walivyoahidi. Bakteria yupo. Usugu wa rifampisini haukuonekana. Nilisafiri hadi Nyeri siku hiyohiyo, si kwa sababu nilihitajika bali kwa sababu sikuweza kukaa.

Shemeji alikuwa ameyasikia majibu kwa namna yake. Afisa wa kliniki alikuwa amemwambia kwa Kiswahili sanifu kabisa kwamba matokeo ni chanya, naye akamshukuru Mungu. Hilo nalo ni letu, sisi wa safu za lugha. Tumelihimiza taifa liseme "mabadiliko chanya" na "fikra chanya" hata neno likanuka uzuri, halafu tunalipeleka hospitalini likabebe habari za ugonjwa. Mhudumu mmoja wa maabara, mama mtu mzima, alinieleza kwamba yeye hasemi chanya wala hasi. Husema, "Tumempata mdudu," au, "Hatujampata mdudu." Sijaona istilahi bora.

Nikajaribu kufuata mfano wake. Nilimwambia shemeji kwamba kilichosomwa hakikuwa cha mtoto wala cha marehemu wala cha ukoo wetu. Ni maandishi ya mdudu. Mtoto ni bahasha tu iliyobeba barua.

Akatafakari, huku akimenya viazi. "Sasa huyo mdudu, ni yule wa babake?"

Swali hilo lilinishangaza, kwa sababu ndilo wataalamu wanalolishughulikia leo. Bakteria nao wana nasaba. Tangu miaka ya 1990 maabara zimeweza kulinganisha DNA za bakteria wa wagonjwa mbalimbali na kujua nani yumkini alimwambukiza nani, na siku hizi Uingereza husoma andiko zima la herufi milioni nne kama jambo la kawaida. Mwaka 2020 watafiti walitangaza tawi zima la ukoo huo ambalo halikuwa likijulikana, likiwa limepatikana kwa wagonjwa wawili tu, mmoja wa Rwanda na mwingine wa Uganda. Kwa hiyo neno vinasaba halikuwa limekosea kabisa. Tulikuwa tumesahau tu kusema ni vya nani.

Nilimwambia kwamba yule wa marehemu alikuwa sugu, huyu si sugu, kwa hiyo huenda si yeye. Uso wake ukalegea. Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini niliwahi kunyamaza mbele ya mdogo wangu, nje ya lile duka. Nikamweleza lililobaki: mdudu huyu anaweza kulala kifuani miaka 20, na mtoto alikuwa na mwaka mmoja babake alipoanza kukohoa. Inawezekana alimpata mwanzoni, kabla herufi haijabadilika. Kujua kwa hakika kungehitaji andiko la mdudu wa marehemu liwekwe kando ya hili, na chupa ile ya kijani ilikwisha kutupwa zamani. Tulichobaki nacho ni karatasi.

"Kwa hiyo hamjui," akasema.

"Hatujui."

Akavitia viazi sufuriani. Halafu akaniuliza dawa zenyewe ni za miezi mingapi, nami nikamwambia sita, akahesabu kwa vidole kuanzia Agosti.